Pampu Ipi kwa Tangi la Matumbawe?

Mtu anayetaka kufuga matumbawe sebuleni kwake huanza kwa kuulizia taa. Si kosa, kwa kuwa ndani ya mnofu wa matumbawe mengi huishi mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga. Lakini tumbawe halitoki pale lilipoota. Haliwezi kufuata hewa wala chakula, na haliwezi kujipangusa taka. Yote hayo hufanyiwa na maji yanayopita, na maji yakisimama, taa ya bei kali haitaliokoa.

Mkaazi wa pwani ya Unguja au Mombasa anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na mwamba hupigwa na mkondo unaokwenda huku kisha ukarudi kule, mara mbili kwa siku, mbali na mawimbi yasiyokoma. Tangi la lita 200 halina mwezi wa kulivutia maji. Kazi hiyo inabidi inunuliwe dukani.

Umuhimu wa mkondo haukomei kwenye chakula. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda na matumbawe kupauka sehemu nyingi duniani, pwani yetu ikiwemo, watafiti Takashi Nakamura na Robert van Woesik waliyachunguza matumbawe ya Okinawa, Japani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba tumbawe la jamii ya Acropora lililowekwa kwenye maji yaendayo kasi lilihimili joto vizuri kuliko lile la maji tulivu. Maelezo yao ni kwamba maji yaendayo kasi huenda huchukua sumu zinazojikusanya ndani ya tumbawe lililolemewa na joto na mwanga.

Wafugaji wa zamani walihangaika kutafuta namna ya kuleta bahari ndani ya kioo. Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeandika kuhusu njia yake mwaka 1961, alitegemea mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe, na mapovu ya hewa. Baadaye Bruce Carlson wa Akwaria ya Waikiki, Hawaii, akabuni chombo kinachowekwa juu ya tangi: kinajaa polepole, kikifika kimo fulani maji yanajivuta yenyewe na kushuka kwa kishindo kama wimbi, kisha kinaanza kujaa upya. Kinafanya kazi vizuri sana. Kina kelele pia, na chumvi yake huruka hadi ukutani, kwa hiyo wenye nyumba ndogo wasahau.

Leo kazi imegawanywa kwa pampu za aina mbili, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni pampu ya kurejesha, ile inayopandisha maji kutoka tangi la chini lenye vichujio. Hiyo inatosha ikizungusha ujazo wa tangi mara 3 hadi 5 kwa saa. Angalizo moja: lita zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ikiyapandisha mita moja na nusu, nguvu yake hupungua sana, hivyo soma mchoro wa kimo ulioko kwenye karatasi ya maelezo.

Ya pili ndiyo yenye mjadala: pampu ya mkondo, inayokaa ndani ya tangi kwa kazi moja tu ya kusukuma maji. Pampu za kizamani hutoa maji kwa tundu jembamba, yakatoka kama mshale. Tumbawe lililo mbele yake huchunika, na lililo pembeni halipati kitu. Pampu za rafadha, mfano wa Turbelle nanostream za kampuni ya Tunze ya Ujerumani, husukuma maji mengi kwa upana na kwa umeme kidogo. VorTech ya EcoTech Marine ya Marekani inakwenda mbali zaidi: mota yake hubaki nje ya kioo na kuzungusha rafadha iliyo ndani kwa nguvu ya sumaku. Bei yake ni kubwa, lakini mahali penye joto kama Mombasa au Dubai ni faida, kwa sababu mota iliyozama huongeza joto kwenye maji.

Kiasi gani basi? Kwa matumbawe laini, ambayo ndiyo yanamfaa anayeanza, jumla ya mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha. Acropora hutaka mara 40 na zaidi, na ziachwe mpaka mkono uzoee. Kwa tangi la lita 200, pampu mbili za lita 2,000 kwa saa kila moja zinafikia kiwango cha matumbawe laini. Pampu moja ya lita 4,000 ina hesabu ileile lakini matokeo mabaya: upande mmoja gharika, upande mwingine taka zinatuama nyuma ya mawe. Mbili zikielekezana kutoka pande mbili, karibu na uso wa maji, mikondo hugongana na kuvurugika, na uso unaochezacheza huingiza hewa.

Tumbawe lenyewe litasema kama umepatia. Sarcophyton, mojawapo ya matumbawe laini, hujivika utando kama nta kisha huuvua, na bila mkondo utando huo humng'ang'ania na kuoza. Euphyllia, tumbawe lenye mfupa mgumu, hupenda kupepesuka taratibu. Mkondo ukimpiga usoni, mnofu wake hujikunja na kuchanika kwenye mfupa. Mchanga ukihama na kuacha kioo cha chini wazi, geuza pampu itazame juu kidogo.

Kwa nchi zenye umeme wa kukatikakatika, chagua pampu za umeme wa DC, volti 12 au 24. Kasi yake hurekebishika, na umeme ukienda baadhi yake huweza kuendelea kwa betri ya akiba. Mkondo ukikoma usiku, samaki huishiwa hewa kabla matumbawe hayajadhurika. Toboa pia tundu dogo kwenye bomba la kurejesha, chini kidogo tu ya uso wa maji, la sivyo pampu ikizimika maji yatajivuta kurudi chini na kufurika sakafuni. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kuingia, ili matone yasiifikie. Anemoni akiwemo, funika pampu kwa kichujio cha sponji, maana hutembea na rafadha humkatakata.

Kila baada ya miezi michache pampu huota ganda la chokaa. Izamishe kwenye siki iliyochanganywa na maji, isugue, isuuze. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana rota za akiba za pampu hiyo. Kama hana, nunua nyingine.