Mbwa wa Ulinzi Akila Sumu: Afanyiwe Nini, na Twahara ya Anayemhudumia



Ndugu zetu wa Wampembe, kandokando ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, wanauliza: mbwa wa shamba akila sumu ya panya, inafaa kumshika na kumtibu ilhali mate yake ni najisi?

Inafaa. Mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba wameruhusiwa katika hadithi sahihi, na anayemfuga ana dhima juu yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa khofu yake mbwa mwenye kiu, Allah Akamsamehe. Kumwacha afe kwa hofu ya najisi si uchaji Mungu.

Kwanza mwondoe penye sumu, na uhifadhi pakiti yake. Mpigie simu afisa mifugo hapo hapo, umweleze jina la dawa, kiasi alichokula na saa. Usingoje dalili. Sumu za panya zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kabla mbwa hajaanza kutoka damu na ufizi kupauka, na katika siku hizo vitamini K1 humwokoa. Nyingine, yenye zinki fosfidi, hutoa gesi ya sumu inapokutana na asidi ya tumbo. Huyo asipewe chakula, na matapishi yake yasinuswe, mbwa akae mahali penye hewa. Dawa za wadudu wa mazao na za kuogeshea ng'ombe humfanya atokwe na mate mengi, atetemeke na apumue kwa shida. Zikimmwagikia, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, nawe umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Maziwa, ambayo wengi hukimbilia, hayaui sumu. Chumvi ya kumtapisha yaweza kumuua yenyewe, na mkaa wa jikoni si ule wa dawa. Usimtapishe bila agizo la mtaalamu, hasa akiwa anatetemeka, amezimia, au amekunywa mafuta ya taa.

Ama twahara: kwa madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu twaifuata, mate yakigusa mkono, nguo au chombo, osha mara saba, moja wapo kwa udongo. Wamaliki wanaona mbwa ni twahara. Wudhuu hautenguki kwa kumgusa. Unaondoa najisi tu, kisha unaswali.

Akifa, mzike kwa kina mbali na kisima. Asitupwe ziwani wala porini, kwani mzoga wenye sumu huua wanyama wengine wanaoula. Na chambo cha panya kiwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, mbali na dagaa walioanikwa, maana watoto nao hupita hapo.

Wallahu a'lam.