Kuingia si Kufaa: Mintarafu ya Usukani wa Lori Kuukuu

Msomaji, atakayekwenda leo katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, akauliza usukani wa lori la Bedford la miaka ya sitini, aghalabu hatajibiwa kwamba haupo. Atajibiwa kwa neno moja: "Unaingia." Ataonyeshwa usukani uliochopolewa katika lori la Kijapani lililokwisha kukatwakatwa, au mwingine mpya, mdogo, uliovishwa ngozi nyeusi na wenye spoku tatu za alumini zinazong'aa, naye muuzaji ataapa kwamba huu unaingia na ule pia unaingia. Neno hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuo kikuu. Hata hivyo, nimesikiliza mazungumzo ya kutosha katika maduka ya vipuri kutambua kwamba kitenzi kuingia kimepewa kazi ya kitenzi kufaa, na kwamba tofauti ya vitenzi hivi viwili, hasa kwenye mteremko, yaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Lori ninalolizungumzia ni Bedford ya aina ya TJ, ile yenye boneti mbele ya dereva. Kampuni ya Bedford ilianza kuunda malori mjini Luton, Uingereza, mwaka wa 1931, na aina hii ikatoka mwaka wa 1958. Marehemu baba yangu mdogo alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akalichosha kwa kabichi na nyanya za Wundanyi kuelekea Mombasa. Sasa linaendeshwa na mwanawe. Si la makumbusho, wala si la kila siku: hupumzika chini ya mwembe juma zima, kisha siku ya soko huteremka Milima ya Taita likiwa na shehena. Mtu aliyewahi kupita kati ya Wundanyi na Mwatate anazijua kona zile. Hazihitaji maelezo yangu.

Usukani wake ulikuwa umepasuka kila mahali spoku zinapokutana na duara. Kipande kimoja kilikwisha kudondoka, na chuma kilichobaki wazi kikawa kinamchana dereva kiganja. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameufunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Ndugu yangu huyu alitaka kuuondoa kabisa, auweke ule mdogo wa ngozi. "Kaka," aliniambia, "huu wa mzee ni sinia. Magoti yangu yanagonga." Nami sikumcheka, kwa kuwa ameumbwa mkubwa kweli, na chumba cha dereva cha Bedford hakikukatwa kwa kipimo chake.

Hebu tulitazame kwanza neno lenyewe. Usukani ni neno la baharini. Limetokana na Kiarabu, sukkan, nalo maana yake ya asili ni ule ubao ulio nyuma ya chombo, ndani ya maji, unaokielekeza. Kile anachoshika mwanamaji mkononi si usukani, ni kana. Magari yalipofika pwani yetu, Waswahili walilichukua jina la kitu kilicho majini wakakipa kitu kilicho mkononi, na hawakukosea sana, kwani gari lenyewe lilianza na kana. Lile la magurudumu matatu la Karl Benz la mwaka wa 1886 lilielekezwa kwa mkono mdogo wa chuma. Duara lilionekana mwaka wa 1894, Mfaransa Alfred Vacheron alipolifunga kwenye gari lake la Panhard katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen.

Lakini neno hili lina mtego. Fundi akisema "usukani umeharibika" huenda anakusudia duara, huenda anakusudia mhimili unaoshuka kutoka kwenye duara, au sanduku la gia lililo chini yake, au vyuma vinavyovuta magurudumu ya mbele. Yote hayo ni usukani. Kwa hiyo mwenye lori anayelalamika kwamba usukani wake ni mzito au umelegea asikimbilie kubadilisha duara. Alishike akiwa amesimama, alizungushe polepole kushoto na kulia, na mtu mwingine atazame magurudumu ya mbele. Ikiwa duara linazunguka upana wa kiganja kabla ya gurudumu kutikisika, maradhi yako chini, na hakuna duara litakaloyaponya, hata likivishwa ngozi ya chui.

Sasa turudi kwenye sinia. Ule usukani wa Bedford nilipoupima ulifikia karibu inchi 18. Ule wa ngozi ulikuwa inchi 14. Lori hili halina msaada wa mafuta wala mota katika usukani wake. Nguvu inayogeuza magurudumu ni ya mabega ya dereva peke yake. Waliolibuni waliliwekea duara kubwa kwa sababu ile ile inayomfanya mtu atafute mtaimbo mrefu anapotaka kung'oa jiwe. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 18 kwa 14. Kazi ambayo katika duara la kale ingehitaji nguvu ya kilo 20 mikononi, katika lile dogo itahitaji karibu kilo 26. Kweli, mikono itasafiri masafa mafupi zaidi, na katika barabara tambarare ya Voi dereva atajiona mwepesi. Lakini wakati wa kukata kona kali akiwa na shehena, mwendo ukiwa mdogo na breki zikiwa zimeshika moto, zile kilo sita za ziada atazitoa wapi? Kijana atazitoa safari ya kwanza. Je, atazitoa saa kumi za alfajiri, baada ya kupakia tangu magharibi?

Ukubwa hata hivyo ni nusu ya shauri. Nusu ya pili haionekani, kwa sababu imefichwa chini ya kifuniko cha honi. Pale katikati, kitovu cha duara kina meno ya ndani yanayoumana na meno ya mhimili, kisha nati moja hukaza vyote viwili. Meno haya hutofautiana kwa idadi, kwa upana na kwa umbo: mengine yamo katika mhimili ulionyooka, mengine katika mhimili unaochongoka kuelekea juu. Kuna duara ambalo huingia nusu kisha likakwama, na lingine huingia lote kisha likacheza. Hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linadanganya mkono. Muuzaji atakwambia ukaze nati. Nati haiyarudishii meno yaliyolika unene wake. Inayabana kwa muda, na baada ya kona mia kadhaa mchezo unarejea.

Mnunuzi anayejiheshimu basi haendi dukani na jina la gari peke yake. Kwanza hunyoosha magurudumu ya mbele, kisha hutia alama kwenye duara na kwenye mhimili ili ajue "mbele" ni wapi. Hulitoa duara lake kuukuu kwa pula, si kwa nyundo, maana nyundo hupeleka pigo moja kwa moja hadi kwenye sanduku la gia. Huhesabu meno, hupima upana wa tundu, akaenda na duara lenyewe chini ya kwapa. Nimewaona watu wakiona haya kutembea na usukani mitaani. Ni haya isiyo na maana.

Meno yasipolingana, fundi wa jua kali atatoa shauri lake la kawaida: kukata kitovu cha kale, kukilehemu kwenye kipande cha chuma, kisha kufunga duara jipya juu yake. Nawaheshimu mafundi hawa kuliko wanavyoheshimiwa na wengi wa wenzangu wenye shahada. Wameliweka taifa hili barabarani. Lakini katika jambo hili napingana nao waziwazi. Moto wa kulehemu hubadilisha ugumu wa chuma kilicho kando ya kiungo. Kiungo hicho kitapindwa kushoto na kulia maelfu ya mara kwa siku moja, na ufa wake ukianza utaanzia ndani, usikoonekana na mkaguzi wala na dereva. Siku utakapokamilika, duara litabaki mikononi mwa mtu na lori litakwenda litakako. Ipo njia halali: kitovu cha kuunganishia kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya meno yale yale, kikafungwa kwa boliti. Ikiwa hakipatikani kwa lori lako, basi duara lile si lako, hata likiwa zuri namna gani.

Kuna na jambo la kifua. Mhimili wa lori la mwaka wa 1958 ni ufito mmoja wa chuma, haujikunji. Mihimili inayojikunja wakati wa mgongano ilienea baadaye. General Motors waliieneza katika magari yao ya Marekani ya mwaka wa 1967, na sheria ya huko ikailazimisha mwaka uliofuata. Dereva wa Bedford hana kinga hiyo. Duara la kale, kwa upana wake na kwa chuma chake chembamba, angalau hupinda kidogo na kulitawanya pigo. Duara dogo lenye kitovu kinene kilichochomoza kuelekea kwa dereva hulikusanya pigo lote mahali pamoja.

Niseme pia neno juu ya "orijino", maana litakuja tu. Katika maduka yetu nimelisikia likiwa na maana tatu. Ya kwanza ni kipuri kilichotoka kwa kampuni iliyounda gari. Ya pili ni kipuri kilichotumika, kilichotolewa katika gari lililokufa. Ya tatu ni kipuri cha kuiga ambacho muuzaji anakisifu kuliko cha jirani yake. Kwa Bedford, maana ya kwanza imebaki karibu na historia: biashara ya malori hayo iliuzwa mwaka wa 1987, na kampuni iliyoyarithi ikafilisika mwaka wa 1992. Maana ya pili ndiyo ya kutafutwa. Na ukiambiwa usukani umetoka Pakistan usiudharau kwa jina la nchi. Huko Bedford zimeendelea kufanya kazi miaka mingi, zikiwa zimepambwa kwa nakshi na rangi za kila aina, na palipo na magari pana vipuri. Muulize muuzaji orijino yake ni ipi kati ya hizo tatu, kisha uhesabu meno vilevile.

Shauri langu kwa ndugu yangu lilikuwa tuutazame upya ule ule uliopasuka. Kilichopasuka ni gamba gumu la nje, kwa sababu gamba hilo hutanuka kwa jua zaidi ya chuma kilichomo ndani, na jua la nyanda za chini za Taita halina huruma. Swali lilikuwa hali ya chuma. Tuliubandua ule mpira wa baiskeli, tukakwangua kutu, tukakagua kila mahali spoku inapogusa kitovu, tukauvuta na kuusukuma. Chuma kilikuwa kizima na meno yalikuwa makali. Laiti tungaliona ufa katika chuma, ningalikuwa wa kwanza kuutupa.

Fundi aliipanua kila nyufa kwa tupa mpaka ikawa na umbo la herufi V, ili gundi ipate pa kushika. Akaifuta kwa spiriti, akajaza epoksi ile ya kuchanganya kutoka vichupa viwili, akauacha usukani mahali pakavu siku tatu bila kuuharakisha. Kisha tupa tena, kisha msasa mkavu, kisha msasa wa maji, praima, na rangi nyeusi ya gari mikono mitatu. Gharama yote, pamoja na ujira, ilikuwa chini ya nusu ya bei ya ule wa ngozi. Mkononi hausikiki kiungo hata kimoja.

Yalibaki magoti, ambayo ndiyo yaliyoanzisha maneno haya yote. Fundi alikaa katika kiti cha dereva, akainuka, akakitazama chini. "Mwalimu," akaniambia, "hapa mwenye kosa ni kiti." Kilikuwa kimefungwa kwa kipimo cha baba mdogo, aliyekuwa mtu mfupi. Alikirudisha nyuma inchi mbili na nusu, akatoboa matundu manne mapya sakafuni, akaweka bamba la chuma chini yake ili boliti zisilichane bati. Ndugu yangu amekwisha kuteremka na lori mara mbili tangu hapo. Kilichosalia ni honi, ambayo waya wake ulikatika zamani ndani ya mhimili, naye kwa sasa bado anatoa mkono dirishani na kupiga mlango.