Simu ya Mhudumu wa Afya: Inaandika Nini Nyumbani Kwako?

Mhudumu wa afya ya jamii anapobisha hodi siku hizi, huwa amebeba mkoba wa vifaa na simu. Wapo wakazi wanaoitazama simu hiyo kwa wasiwasi. Anaandika nini? Nani atasoma? Wana haki ya kuuliza.

Awali, habari za kila boma ziliandikwa katika vitabu vya Wizara ya Afya, MOH 513 cha orodha ya maboma na MOH 514 cha huduma zilizotolewa. Mwisho wa mwezi hesabu zilijumlishwa kwa mkono na kupelekwa kituoni. Mtoto aliyepatikana na utapiamlo mwanzoni mwa mwezi aliishia kuwa namba katika jumla hiyo, na ilikuwa vigumu kujua kama mamake alifika naye zahanati.

Mnamo Septemba 2023 serikali ya kitaifa na za kaunti zilizindua mpango wa wahudumu 100,000 kote nchini, kila mmoja akiwa na takriban maboma 100. Walipewa mashine za kupima presha na sukari, kipimajoto, mizani, na simu yenye programu ya eCHIS.

Chukua mfano wa mtoto wa miezi minane anayekohoa katika kijiji cha ndani, Ganze. Simu humwuliza mhudumu umri wa mtoto na siku alizougua, kisha humtaka ahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mkono wake nao hupimwa kwa utepe wa rangi. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Simu si daktari, lakini haimruhusu mhudumu aliyechoka kuruka swali.

Mtoto akipewa rufaa, simu humkumbusha mhudumu arudi kuangalia kama alifikishwa kituoni na anaendeleaje. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kitabu. Programu hufanya kazi hata pasipo na mtandao: majibu hukaa ndani ya simu, kisha hutumwa mhudumu akifika penye mawimbi. Bila shaka betri huisha, na rufaa haisaidii kitu kama familia haina nauli ya bodaboda. Mweleze mhudumu shida hiyo mapema, asije akadhani mmepuuza.

Kuhusu siri, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mhudumu hapaswi kuzungumzia ujauzito au ugonjwa wako kisimani wala barazani. Maswali kuhusu choo na maji ya kunywa yapo kwa sababu kuhara huanzia hapo. Hakuna swali linalohitaji namba yako ya siri ya M-Pesa. Ukiulizwa, usijibu, na umjulishe mzee wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu.

Mama akijifungua, mhudumu aarifiwe siku hiyo hiyo, kwani ziara ya kwanza kwa mtoto mchanga inafaa kufanyika ndani ya saa 48. Familia ikihama, imwambie pia, la sivyo ataendelea kutafuta watu wasiokuwepo. Kijitabu cha mama na mtoto kiwekwe karibu kila anapotembelea.

Lakini mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au ambaye kifua kinabonyea ndani anapopumua, asisubiri mhudumu wala simu yake. Apelekwe kituoni mara moja, hata kama ni usiku.