Chupa ya Maji na Pumzi ya Mtoto

Ukitoka Kibaha kwa barabara kuu ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam, utapita Kiluvya na kufika Kibamba. Kusini mwa barabara hiyo, si mbali na mpaka wa Wilaya ya Kisarawe, ndipo palipo na Mloganzila. Hapo pana hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 2017, na pana ardhi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Chuo hicho hufundisha madaktari na wauguzi. Hufundisha pia wahandisi. Huenda ukashangaa: mhandisi, ambaye tumezoea kumwona akijenga madaraja, ana kazi gani mahali pa wagonjwa?

Mwili wa binadamu hufuata kanuni zile zile za sayansi unazojifunza darasani. Moyo husukuma damu kama pampu. Mkono wako unapoinua ndoo hufanya kazi kama nyenzo. Elimu ya kutumia kanuni hizo ili kutengeneza vyombo vya kupimia na kutibia wagonjwa huitwa uhandisi wa vifaa tiba. Vyombo hivyo ni vingi. Hapa tutazame kimoja tu.

Mtoto hukaa tumboni mwa mama yake kwa muda wa majuma 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia huitwa njiti. Mtoto wa namna hii aweza kuzaliwa katika Hospitali ya Tumbi kule Kibaha, au katika kijiji chochote cha Kisarawe. Mara nyingi mapafu yake hayajakomaa. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Katika mapafu yaliyokomaa, vifuko hivyo vimepakwa ute maalumu unaovizuia visinywee. Njiti hana ute wa kutosha. Kila atoapo pumzi, vifuko hunywea na kushikana, kama mfuko wa nailoni uliolowa maji. Ili avute pumzi nyingine, lazima avifungue upya. Fikiri kazi hiyo ikifanywa zaidi ya mara 40 kila dakika, usiku na mchana, na mwili wenye uzito wa kilo moja na nusu! Mtoto huchoka. Akichoka kabisa, huacha kupumua.

Sasa fanya jaribio hili. Tafuta chupa ndefu inayoonyesha ndani, ujaze maji safi, na uchukue mrija wa kunywea soda. Kila mwanafunzi awe na mrija wake. Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 ndani ya maji, kisha upulize polepole mpaka povu litoke. Halafu zamisha mrija sentimita 15, upulize tena. Utaona kwamba safari ya pili unahitaji nguvu zaidi. Maji yaliyo juu ya ncha ya mrija huisukuma hewa irudi nyuma. Kadiri mrija unavyozama, ndivyo msukumo unavyoongezeka.

Msukumo huo mdogo ndio anaouhitaji njiti. Pampu hupeleka hewa, ikichanganywa na oksijeni inapohitajika, kwenye vijineli viwili vilivyowekwa puani mwa mtoto. Mpira mwingine hutoka hapo na kuishia ndani ya chupa ya maji, kwa kawaida kwenye kina cha sentimita 5 hadi 8. Kwa kuwa maji husukuma, hewa haiwezi kutoka yote mapafuni. Vifuko hubaki wazi kidogo, na pumzi inayofuata huwa nyepesi. Muuguzi akitaka kuongeza msukumo, huzamisha mpira zaidi. Akiona maji hayatoi povu, hujua kwamba hewa inavuja mahali fulani.

Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco, Marekani, walieleza jinsi msukumo wa namna hii ulivyowasaidia watoto wachanga. Hata hivyo, kwa miaka mingi mashine zake zilikuwa ghali mno kwa hospitali zetu. Tena mashine ngeni huharibika. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulihesabu vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi zisizo tajiri, ukaona kwamba karibu 38 katika kila 100 havifanyi kazi. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa uhaba wa watu waliofundishwa kuvitumia na kuvitunza.

Katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, maprofesa wawili wa uhandisi, Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, waliwapa wanafunzi wao kazi ya kutengeneza mashine ya bei nafuu. Wanafunzi walichukua pampu zinazotia hewa katika matangi ya samaki wa mapambo, wakazifunga ndani ya sanduku la plastiki la kuwekea viatu. Usicheke! Chombo kilichotokana na sanduku hilo kiligharimu karibu moja ya kumi na tano ya bei ya mashine za kawaida.

Lakini mhandisi anayeijua pampu hajui pua ya mtoto wa kilo moja. Daktari anayeyajua mapafu hajui kwa nini pampu hupata joto. Muuguzi ndiye anayekaa na mashine hiyo saa nane za usiku. Kazi ya profesa anayeongoza utafiti wa namna hii ni kuwakutanisha watu hao, na kuhakikisha kwamba chombo kinapimwa kwa uangalifu. Kwa hiyo mashine ilipelekwa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth. Watafiti waliandika habari za watoto 25 waliopewa oksijeni peke yake, kama ilivyokuwa desturi; walipona 11. Watoto wengine 62 walitumia mashine, walipona 44. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2014.

Hapa kwetu, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imeshirikiana na Chuo cha Rice kuweka karakana ambamo wanafunzi hubuni vifaa vya hospitali.

Maswali

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kupuliza mrija uliozama sana?
2. Kokotoa: katika kila watoto 100, wangapi walipona kwa oksijeni peke yake? Na kwa mashine, je?
3. Umeme ukikatika usiku, pampu itasimama. Chora chombo ambacho kingeweza kupeleka hewa mpaka umeme urudi, na umweleze mwenzako jinsi kinavyofanya kazi.