Kitufe cha tan na mnara wa Mji wa Kale
Kikokotoo cha kisayansi hutoka kiwandani kikiwa na fomula ndani yake: sin, cos, tan, kipeuo cha pili. Kila moja ina kitufe chake.

Tuseme mtu amesimama mita 15 kutoka mnara wa msikiti, Mji wa Kale, Mombasa, na pembe hadi kileleni ni digrii 40. Akibonyeza 15 × tan 40, hupata 12.59. Akijumlisha mita 1.5 za kimo cha macho, mnara una mita 14.1 hivi.

Kikokotoo kikiwa kwenye radiani badala ya digrii, jibu huwa -16.76, urefu usiowezekana. Kwa hiyo digrii hukaguliwa kwanza.

Kikokotoo kinachoweza kuwekewa programu huweza kuhifadhi hatua zote hizo, ila mtihani wa KCSE wa Kenya hauruhusu aina hiyo.