Sinema ya "The Constant Gardener" na siri ya wodini: funzo kwa wagonjwa wa Sib na Afrika Mashariki

Katika hospitali moja ya Nairobi, mwanamke Mwingereza aliyefiwa na mtoto wake mchanga anamnyonyesha mtoto wa jirani yake wa wodini, msichana wa Kikenya anayekata roho. Mwanamke huyo anaanza kuuliza: amekufa kwa maradhi, au kwa dawa aliyopewa?

Hapo ndipo mashaka yanapoanza katika sinema ya "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Ilipigwa Kibera na Loiyangalani, na Rachel Weisz, aliyeigiza kama muulizaji huyo, Tessa, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2006.

Tessa anauawa karibu na Ziwa Turkana. Mumewe, mwanadiplomasia mpole apendaye bustani, anafuata nyayo zake na kugundua kuwa kampuni inajaribu dawa ya kifua kikuu kwa maskini. Anayekataa hupoteza haki ya kutibiwa. Anayekufa hufutwa kwenye daftari, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Kisa hicho ni cha kubuni. Hata hivyo, wengi wamekihusisha na yaliyotokea Kano, Nigeria, mwaka 1996. Wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa ya Trovan kwa watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganishia. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilisema kilichowaua ni maradhi na ikakanusha kosa lolote, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Moja ya hoja kubwa katika mzozo huo ilikuwa hii: je, wazazi walielezwa kwamba ni jaribio?

Kwa mtazamaji wa Sib, mjini Muscat, ambako wapo Waomani wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili nyumbani, sinema hii si ya ugenini. Katika wilaya hiyo hiyo ipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na hospitali ya chuo kikuu popote duniani hutibu, hufundisha na hufanya utafiti. Utafiti si uovu, kwani bila ya majaribio hakuna dawa mpya. Uovu ni kumficha mgonjwa.

Tamko la Helsinki la mwaka 1964 liliweka msingi kwamba anayefanyiwa utafiti aelezwe na aridhie kwa hiari yake. Lakini saini ya mtu asiyeelewa lugha ya karatasi ni ridhaa gani?

Basi ukimpeleka mzazi wako hospitali, iwe Muscat, Mombasa au Dar es Salaam, usione haya kuuliza: dawa hii ni ya kawaida au ya majaribio? Nikikataa, je, nitaendelea kutibiwa? Tessa aliuliza kwa niaba ya wengine, na akalipa kwa roho yake. Sisi kuuliza hakutugharimu kitu.