Mukono unapolala mbele ya ordinatere: usingojee mpaka vidole vinakataa

Likasi, mwaka wa masomo ukikaribia mwisho, vibanda vya kuandika na kufotokopi havilali. Wanafunzi wanaleta TFC na memoire zilizoandikwa kwa bic, na kila mutu anataka yake itoke kesho asubuhi. Umeme unaenda, unarudi. Ukirudi saa mbili za usiku, mwandikaji anapiga klavye mpaka alfajiri, juu hajui utakatika tena saa ngapi. Analipwa kwa ukurasa. Hakuna ukurasa, hakuna makuta.

Kisha usiku mumoja anaamka: mukono umekufa ganzi, vidole vinachoma kama sindano. Anautingisha, unarudi, naye asubuhi anarudi kazini. Nyumbani wengine wanasema ni baridi tu, wengine wanasema kuna mutu amemutupia kitu. Mara nyingi ni kazi.

Kwenye kifundo cha mukono kuna njia nyembamba: chini mifupa midogo, juu mukanda mugumu. Mule munapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mushipa mumoja wa fahamu. Nafasi ikipungua kwa uvimbe, mushipa unabanwa. Ndio unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, na ndiyo sababu kidole cha mwisho kinabaki salama. Kama ni kile cha mwisho kinacholala, angalia kiwiko kwanza: pengine kinaegemezwa juu ya meza siku nzima.

Lakini si kila maumivu ni hayo. Wengi wanaoandika wanaumia zaidi misuli ya mukono, bega na shingo, misuli iliyochoka bila kupumuzishwa. Na kusema kweli, klavye si adui mukubwa kuliko wote. Kubanwa kule kunapata zaidi wale wanaoshika kitu kwa nguvu siku nzima au mashine zenye kutetemeka: mwenye nyundo kwenye mawe ya madini, mwenye kuvuta nyavu kwenye ziwa Tshangalele, lile lile ambalo maji yake yanazungusha mashine za umeme za Mwadingusha. Mimba, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa tezi ya shingo pia vinaweza kuuleta.

Si ugonjwa wa leo. Munganga Mwitalia Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, na alianza na wachimba madini. Mwaka 1713 aliongeza waandishi wa maofisini. Alilaumu kukaa bila kusimama na mukono kurudia mwendo ule ule. Alisimulia juu ya mwandishi mumoja ambaye mukono wake wa kuume ulikufa. Akajifundisha kuandika kwa wa kushoto, nao ukafuata.

Basi, kazi ianze na kiti. Kiti cha plastiki ni kifupi, meza ni ndefu, mabega yanapanda. Kunja kikwembe, kikalie, mpaka kiwiko kilingane na klavye; miguu ikining'inia, weka tofali chini yake. Ile miguu midogo nyuma ya klavye ikunjwe, juu ikisimama inapindisha kifundo. Kifundo kibaki kimenyooka, kisilale kwenye ukingo wa meza. Karatasi ya kunakili isimame pembeni ya ekra, si chini karibu na goti. Piga kidogo: waliojifunza kwenye mashine za zamani bado wanapiga kama wanatwanga. Kila nusu saa, simama dakika mbili, acha mikono ining'inie. Na kama mko wawili, mupokezane: mumoja anaandika, mwingine anafotokopi.

Kwa usiku, kipande cha karatoni ngumu kilichofungwa na bandeji bila kubana kinazuia kifundo kujikunja, na wengi wanapata usingizi. Vidonge vya maumivu vinaficha tu, na vikinywewa muda mrefu vinaharibu tumbo na figo. Kuchanja na wembe hakufikii mushipa ule, kunaleta usaha.

Ganzi isipoisha hata muchana, kikombe kikianza kuanguka, au nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, usikawie kuona munganga. Kuna upasuaji mudogo wa kukata ule mukanda. Ukifanywa kwa kuchelewa, maumivu yanaweza kupungua lakini nguvu isirudi yote.

CNSS inashughulikia hatari za kazi, lakini ni kwa mufanyakazi aliyeandikishwa. Anayelipwa kwa ukurasa bila kuandikishwa, mara nyingi mulango huko unabaki umefungwa. Kwake inabaki kuongea na patron sasa, juu ya kiti na zamu za usiku, wakati vidole bado vinaamka vikitingishwa.